Bwana Amenirudishia Kilio Changu

Asifiwe Bwana, anayemsikia hata mtu aliyekaukiwa na sauti! Ndugu zangu wa Ilembo, nawasalimu. Wengi mnanijua, mimi ni Mama Zabloni, yule wa dagaa na migebuka pale sokoni, mwenye maneno mengi. Leo nitajitahidi yawe machache. Nikishindwa mnivumilie.

Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Zabloni. Gitaa alijifunzia humu humu kanisani, kwenye kwaya ya vijana. Baadaye akaanzisha bendi na mwenzake Masanja, kijana wa Kisukuma kutoka Magamba, mpiga ngoma. Wakajiita Viboko wa Katuma. Wenyewe walisema wanapiga roki ya saikedeliki. Mimi ulimi ulinishinda, nikauita muziki wa maruweruwe, na ndivyo ulivyo jamani! Gitaa linavuma kama nyuki waliochokozwa, sauti inakwenda inarudi, wimbo mmoja unaanza unabandika maharage, unaisha yameiva. Zabloni aliniambia, "Mama, huu ni muziki wa kuota macho wazi." Nikamjibu, ota mwanangu, ila kwanza kachote maji. Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri sana, yule mtoto.

Walipanga chumba hapa hapa Ilembo, kuta wakazibandika trei za mayai, wakaanza kurekodi albamu yao ya kwanza. Haijaisha, Zabloni akarudi nyumbani anatetemeka. Malaria ikampanda kichwani. Tukamkimbiza hospitali, madaktari wakahangaika naye, Mungu awabariki. Asubuhi moja wakaniambia ana nafuu, anaomba chakula. Nikarudi nyumbani mbio nimsongee ugali. Nimeshaupakua, nimeufunika, natafuta kitenge nitoke, naona watu wanaingia uani wameinamisha vichwa.

Ndugu zangu, msiombe! Walipomlaza pale sebuleni nilimwangukia nikapiga kelele, "Zabloni, amka! Ugali unapoa! Amka, mwanangu, ugali unapoa!" Nililia maneno hayo hayo mpaka sauti ikakatika. Masanja alikuwa pembeni anarekodi kwa simu, kama tunavyofanya siku hizi, ili kaka yangu aliyeko Kigoma, ambaye asingewahi mazishi, ausikie msiba wa mpwa wake. Hilo nililijua na sikulikataa.

Tukazika. Miezi ikapita. Siku moja nipo sokoni napanga migebuka, bajaji ikapita muziki juu, nikajisikia mimi mwenyewe nalia. Ee Mungu wangu! Sauti yangu, maneno yangu, na mwangwi juu yake. Samaki wakanidondoka mkononi.

Masanja na wenzake walikuwa wamemaliza ile albamu, na kilio changu wamekitia kwenye wimbo wa mwisho. Na albamu ikavuma! Bendi ambayo hata Mpanda hapa ilikuwa inachekwa, sasa redio zinaipiga mpaka Dar es Salaam, mpaka wazungu huko kwao wanaitaka, Masanja anapanda ndege. Watu walitaka zaidi ule wimbo. Wakakikata kile kipande cha kilio, wakakiweka kuwa mlio wa simu. Vijana wa bodaboda wakakigeuza utani. Mwenzao akisinzia kijiweni wanamwambia, "Zabloni, ugali unapoa!" halafu wanacheka. Hawakujua kwamba Zabloni ni mtu. Hawakujua kwamba mama yake ndiye huyo anayewapita na beseni kichwani.

Tangu siku ile machozi yalinikauka. Nikitaka kumlilia mwanangu, naisikia ile sauti ya kwenye bajaji, koo linafunga. Nikaacha kwaya ya akina mama. Sokoni nikawa naenda siku moja moja, baadaye nikaacha kabisa. Ndugu walitaka tuondoe matanga, kuganduka kama wanavyosema wazee wetu waliotoka Burundi, nikakataa. Ningeondoaje matanga wakati mimi mwenyewe bado nasikika barabarani naanza msiba upya kila siku?

Nilimfuata Masanja. Akapiga magoti, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, nilitaka dunia imlilie." Nikamwambia, dunia ikalie watoto wake! Kitoe! Akasema kimeshaingia kwenye simu za watu, hana namna ya kukirudisha. Nikaondoka sijamuaga. Nyie wenzangu mlikuja nyumbani mkaniambia nyamaza mama, kazi ya Mungu haina makosa. Mlinipenda, najua. Lakini nilikuwa nimeshanyamaza! Kunyamaza ndiko kulikokuwa kunaniua! Usiku na mchana ombi langu lilikuwa moja: Bwana, izime ile sauti, au unizime mimi.

Basi nikasikia Viboko wa Katuma wanakuja kupiga uwanjani, Jumapili mchana. Nikachukua mbeleko niliyombebea Zabloni. Mnajua, kwetu mama akikukung'utia mbeleko mbele ya watu, hiyo laana hata mjukuu wako ataikuta. Nikaenda nayo chini ya kitenge. Nilimkusudia Masanja, nawaambia ukweli mbele za Mungu. Nilitaka akose usingizi kama mimi.

Watu walijaa, jua linachoma. Nikapenya mpaka mbele kabisa. Wakapiga nyimbo zao, mimi nimesimama kama mti. Ukafika ule wa mwisho. Ndugu zangu, sikuwahi kuusikia wote! Kila nilipousikia niliziba masikio, nikakimbia. Nilikuwa najua kile kipande tu. Nikashika mbeleko vizuri, nikangoja sauti yangu itoke ili nami nimalize kazi yangu.

Ikatoka. "Zabloni, amka!" Na kabla sijainua mkono, gitaa likaitikia.

Lilikuwa la Zabloni! Mimi nimemzaa, nimemsikiliza akijifunza miaka yote, naujua mkono wake. Alikuwa na namna ya kuivuta sauti ya juu halafu anaiachia polepole, kama mtoto anayekujibu bado ana usingizi. Masanja alichukua yale aliyorekodi mwanangu kabla hajaugua, akayaweka pale, kila ninapoita, Zabloni anaitika. Naita, anaitika. Naita tena, anaitika. Jukwaani hakuna aliyeshika gitaa. Masanja alikuwa ameacha ngoma, amefunika uso, mabega yanatikisika.

Hapo Bwana alinishukia! Koo likafunguka. Nikalia, jamani, nikalia kwa sauti kuliko zile spika! Watu wakageuka, mmoja akanitambua, akasema, "Huyu ndiye mwenyewe, huyu ndiye mama!" Wale wale vijana wa bodaboda wakavua kofia. Mama mmoja nisiyemjua akanikumbatia akalia wa kwake, sijui alikuwa anamlilia nani, sikumuuliza. Ile mbeleko nikajifutia machozi mpaka ikalowa. Haleluya!

Msinielewe vibaya. Mwanangu hajafufuka. Nimemwomba Mungu sana, na hajafufuka. Kitanda chake kipo, viatu vyake vipo, na asubuhi bado naamka na maumivu yale yale. Sikuja kuwadanganya kwamba mkiamini hamtaumia. Nimekuja kusema kwamba nilikuwa nimefungwa na Bwana amenifungua. Sasa ninaweza kumlilia mwanangu. Namshukuru Mungu kwa machozi!

Kama upo hapa na kilio kimekukaba, usimfiche Yesu. Mpelekee hivyo hivyo kilivyo, hata kama una hasira naye. Mimi nilikuwa nayo, na hakunifukuza. Mtumaini!

Jumamosi hii tunaondoa matanga nyumbani kwangu. Nawakaribisha nyote, na nyie mlionipigia ule mlio wa simu pia mje, nitawapakulia. Masanja amekuja leo. Yule pale, amejibana mlangoni kama mgeni, hajui kama anaruhusiwa kuingia. We Masanja, njoo! Njoo ukae hapa mbele, benchi la mfiwa lina nafasi.

Ndugu zangu, sogezeni miguu, mpisheni mwanangu apite.