Mama Tryphena Wakio na Kambi Aliyoichanganya

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, 1986, Mama Tryphena Wakio anastaafu baada ya kulitumikia shamba letu la mkonge kwa miaka ishirini na mitatu. Kazi yake rasmi ni afisa wa ustawi wa wafanyakazi. Kazi yake hasa, kama ajuavyo kila aliyewahi kukaa hapa, imekuwa kuuliza kwa nini huyu yuko ndani na yule yuko nje.

Alishuka kutoka Mgange, juu kwenye vilima vya Taita, mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, akaajiriwa kuwa msaidizi wa zahanati. Wakati huo kila kabila lilikuwa na kambi yake. Sisi Wadawida, watu wa vilima hivyo, tulikaa karibu na ofisi, Wakamba kando ya barabara, na watu wa magharibi mwa Kenya nyuma ya kiwanda, upande ambao vumbi la nyuzi lilielekea. Kazi nazo ziligawanywa vivyo hivyo. Mnyapara akiondoka, ndugu yake alikuwa amekwisha kuvaa buti.

Mwaka wa 1969 meneja alimpa Mama Tryphena ofisi ya ustawi akamwambia ahakikishe watu hawagombani. Yeye akasema watu watagombana tu ikiwa mmoja anakula vumbi na mwingine hali. Aliomba nyumba mpya zilizokuwa zikijengwa zigawanywe kwa zamu, bila kuangalia mtu ametoka wapi, na meneja akakubali.

Hakuna aliyempenda kwa hilo. Wadawida tulinong'ona kwamba amenunuliwa. Wakamba walisema anatafuta njia ya kuwasambaza wasiweze kugoma. Watu wa magharibi walimtuma msemaji wao, Dishon Ajwang', fundi wa mitambo, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Ajwang' alisimama mlangoni mwa ofisi bila kukaribia kiti.

"Mama, wewe unalala kwenye nyumba za maofisa," alisema. "Ukitaka tuchanganyike, mbona hujichanganyi?"

Wiki iliyofuata Mama Tryphena alihamia nyumba mpya, ukuta mmoja na ile aliyopangiwa Ajwang'. Sasa shaka ikazidi. Ikasemekana ametumwa kusikiliza. Akipita bombani, maongezi yalikatika. Kwenye sikukuu ya Madaraka kila jamii ilipika chakula chake, na sufuria zikakaa zimefunikwa, kila mtu akiangalia za mwenzake kama zina sumu. Mama Tryphena alichukua sahani moja akapakua kutoka kila sufuria, akala mbele yetu hadi akashindwa kusimama. Ndipo watu wakaanza kuonja, kwa tahadhari.

Halafu ghala likaungua. Ilikuwa Jumapili mchana mwaka wa 1974, watu wengi wakiwa kanisani. Marobota ya nyuzi yalikuwa majivu kabla ya maji kufika. Majuma mawili kabla ya hapo Ajwang' alikuwa amegombana na meneja juu ya kinga ya mashine iliyovunjika, na siku ile hakuonekana kanisani. Polisi walipokuja hawakuhitaji kuuliza sana. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuamua.

Mama Tryphena naye hakwenda kanisani siku hiyo, malaria ilikuwa imemlaza. Alijifunga leso mbili, akaenda ofisini akitetemeka, akawaambia polisi na meneja kwamba tangu asubuhi hadi kelele za moto zilipoanza alikuwa akimsikia Ajwang' akigonga misumari juu ya paa lake, hata akatamani kumwambia aache, kichwa kilikuwa kinamuuma.

Meneja alimuuliza kama anamtetea mtu huyo kwa sababu ni jirani.

"Namtetea kwa sababu nilimsikia," alijibu. "Angekuwa mtu wa kwetu na sikumsikia, ningenyamaza."

Ajwang' aliachiliwa. Mama Tryphena alinyang'anywa ugawaji wa nyumba, na kanisani benchi lake likabaki na nafasi pande zote mbili. Hata Ajwang' hakuja na shukrani. Alikuja na swali: kumbe ni kweli anawasikiliza? Mama Tryphena alimwonyesha ukuta wa bati uliowatenganisha, akasema yeye pia anajua wanamsikiliza akikoroma. Watu wanasema ndiyo siku Ajwang' alionekana akicheka.

Baadaye wakaguzi waliotoka Mombasa walieleza kwamba marobota yalifungwa yakiwa na unyevu, yakapata joto na kujiwasha yenyewe. Meneja hakuomba radhi. Alimrudishia ugawaji wa nyumba kimyakimya, naye akaendelea pale alipokatizwa.

Leo nafasi ya kazi ikitokea hutangazwa katika kila kambi. Katunge alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa mnyapara wa chumba cha brashi, nyuzi zinakosuguliwa, na wanaume waliosema watahama shamba bado wako nasi. Kituku, aliyepoteza vidole kwenye mashine, hakufukuzwa kama ilivyokuwa desturi. Ndiye anayefundisha wageni usalama, na wanamsikiliza.

Mwezi Machi wakubwa walimwita Mama Tryphena wakamwambia, wakitabasamu, kwamba ofisi yake atapewa Lois, mtoto wa dada yake, msichana aliyesoma vizuri. Walidhani wanampa zawadi. Aliuliza ni nani mwingine aliyeitwa. Hakuna aliyeitwa. Alikataa kukabidhi ofisi hadi kazi itangazwe. Ikatangazwa. Lois alikaa kwenye foleni ya usaili pamoja na wengine, na aliyepata ni Mable Khaemba, binti aliyezaliwa hapa hapa nyuma ya kiwanda. Lois ameridhika na sasa anafundisha Voi. Mama yake hajaridhika. Tangu siku hiyo hajamsemesha Mama Tryphena.

Wako wanaosema hadi leo kwamba hata hilo alilipanga ili asifiwe kwenye sherehe hii. Nilipomwambia, hakukasirika. Alisema ni vizuri, wamchunguze na Mable vilevile. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nisiandike tumekuwa kitu kimoja. "Andika kwamba tunaulizana," alisema, na hivyo nimeandika.

Mama Tryphena, kwa niaba ya kambi zote, asante. Ulituvumilia tulipokuogopa, na hukutuacha tukae tulivyozoea. Panda Mgange salama, ulime maharagwe yako, ulale mchana bila mtu kugonga misumari. Na tunakuombea kwamba utakapobisha hodi kwa dada yako, atafungua.