Wafumaji Kumi na Watatu wa Daktari Tsehaynesh

Marehemu Daktari Tsehaynesh Woldeyes alizaliwa Debark tarehe 12 ya mwezi wa Hidar 1950 kwa kalenda yetu, iliyo nyuma ya ile ya wageni kwa miaka saba au minane, akasoma hapo na baadaye Gondar, akahitimu udaktari mwaka 1974, akabobea katika upasuaji wa mikono, na tarehe 19 Tir 1977 akafunga ndoa na Zerihun Abate, wakajaliwa Mahlet na Yared.

Mwaka 2003 aliwapasua wafumaji themanini na wanne wa mtaa wa Shiro Meda waliokuwa na ganzi ya vidole kwa sababu ya neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, nusu kwa mkato mrefu wa kiganjani, nusu kwa tundu dogo la kupitishia kamera, ili ajue ni njia ipi inamrudisha mtu mapema kwenye mtambo wake wa kufumia. Kumbe karani mmoja aliandika tarehe kwa kalenda yetu, mwenzake kwa kalenda ya wageni, wote wakiandika siku na mwezi kwa tarakimu tu, na majalada yalipounganishwa baadhi ya wagonjwa walionekana wamepona kabla ya kupasuliwa. Daktari mwenzake alimshauri azikadirie tarehe hizo, naye akamjibu, "Kadiria chumvi ya mchuzi wako, mikono ya watu niachie mimi."

Basi kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, alizunguka mtambo kwa mtambo akiuliza upya, nao wakimtajia sikukuu ya Mikaeli au ya Gabrieli waliyoanza tena kufuma, akawapata sabini na mmoja, kumi na watatu wakamshinda.

Mwaka 2014 ganzi ilimpata yeye mwenyewe, akakataa kupasuliwa, akisema, "Mnikate kwa njia ipi, na jibu sijalipata?" Alitukera sisi ndugu zake, hatufichi, maana tulimbembeleza mpaka tukachoka, huku Mahlet akimfunga vifungo vya nguo. Moyo ulisimama tarehe 4 Megabit 2016, saa tatu asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliomvumilia, majirani waliopika na kusimamisha hema, na wafanyakazi wenzake, hata wale makarani wawili.

Nanyi kumi na watatu, kama mmo humu, mfuateni Mahlet baada ya mazishi mumwambie mlirudi lini mtamboni, na ambaye mkono wake haukupona asione haya, kwani huyo ndiye aliyetafutwa kuliko wote.

Pumzika, dada yetu, tutauliza sisi.