Debe Lililofungiwa Kabatini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Maji. Viongozi mlioambatana naye. Fundi wa mtambo, ambaye tumemwona amejibanza nyuma ya mwavuli. Na majirani zetu wote:

Kitendawili.

Tunangoja useme tega. Ahsante. Tuna mlinzi hali, halali, hasinzii. Mwizi akiingia, anatuandikia barua.

Usiharakishe jibu. Lizungushe kichwani taratibu huku sisi tukisoma.

MAKARIBISHO

Karibu kwenye mawe yetu ya kufulia. Kiti ulichokalia tumekiazima, na kitambaa kilichokifunika ni shuka la hospitali, lakini limefuliwa jana likakaushwa na jua, kaa kwa raha. Tumeambiwa utakata utepe wa mtambo wa pili saa sita kamili, kwa hiyo risala isizidi dakika tano. Tutajitahidi. Maji ya bwawa lako yalipotujia hayakutupa hata mbili.

HISTORIA FUPI

Sisi ni wafuaji thelathini na mmoja: mabibi, mama, mashangazi, na wajomba wawili wa kukamua mablanketi. Tulianza kufua hapa wakati maji yana adabu. Mvua ilikuja kwa miadi na kuondoka kwa kuaga. Vilimani kulikuwa na miti, maji yakishuka polepole kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Miti ikakatwa, mabonde yakamwagiwa saruji. Hatuwanyooshei kidole watu wa vilimani peke yao. Na sisi pakiti za sabuni tulizitupa mtaroni, mtaro ukaziba, tukaulaumu mtaro. Siku hizi mvua ya miezi mitatu inanyesha mchana mmoja, bwawa linafura, na lango lake halina budi kufunguliwa upesi.

Zamani lango hilo, hapo juu kwenye kona ya mto, lilikuwa na mlinzi. Ndiye yule mwenye koti la kijivu. Jina lake ninyi mmelisahau, na sisi pia. Tunamwita Mzee Debe. Alipiga debe kwanza, ndipo akazungusha gurudumu la lango. Mapigo matatu: kusanya nguo. Mapigo saba: acha nguo, kimbia. Kwa miaka ishirini na sita, mto ulituchukulia soksi tu, tena za mguu mmoja mmoja.

MAFANIKIO

Mtambo wa kwanza ulisimikwa mwaka jana. Umesimama katikati ya mto na bati la sola kichwani, kama mtu aliyebeba sinia asijue aliweke wapi. Unapima maji, unafungua lango wenyewe, na unatuma ujumbe kwenye simu zetu.

Mzee Debe alistaafishwa kwa cheti chenye fremu. Tulipiga makofi, hatukatai.

Debe lake lilitangazwa kuwa mali ya ofisi. Limefungiwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi kwenu, na kibao kinachosema Usiguse. Tulipokuja kuulizia habari za mtambo tuliketi chini ya kabati hilo saa mbili nzima. Halina hata chembe ya vumbi. Hongereni.

Zaidi ya yote, mtambo umeokoa maisha ya mtu. Hili tutalieleza vizuri, maana tumesikia limo kwenye hotuba yako.

CHANGAMOTO

Mfuaji hafui na simu mfukoni. Mwaka juzi simu tatu zilizama wiki moja, tukajiwekea sheria: kila asubuhi simu zote zinaingia kwenye kopo la biskuti, kifuniko kinabanwa, kopo linatundikwa bandani. Waliosimika mtambo ni watu wenye vyeti, na hakuna aliyeuliza simu zetu zinakaa wapi. Na sisi wenye akili zetu, hakuna aliyewaambia. Tulitia saini fomu ya kupokea ujumbe, tukarudisha simu koponi, tukabana kifuniko, tukajihesabu tumelindwa.

Siku hiyo ya kuokolewa mtu, saa nne asubuhi, Mama Mashuka, anayefulia hospitali, alikuwa mbele yetu sote, maji ya mapaja. Shuka moja amejifunga kiunoni, jingine analisuuza, na moyoni anajiuliza kama mapacha wake wamekumbuka kufunga mlango. Kule bandani kopo likaanza kutetemeka kama lina panya.

"Wapenzi wenu hao wanawatafuta," shangazi mmoja akasema.

"Wangu angoje," Mama Mashuka akajibu. "Nina povu."

Tukacheka. Ujumbe wenyewe tuliusoma jioni: Mteja wetu mpendwa, lango linafunguliwa. Bonyeza moja kuthibitisha kuwa umeelewa.

Mzee Debe bado huja kuketi ukingoni kila asubuhi. Ustaafu ulimchukua yeye, haukuchukua mazoea yake. Aliona maji yamegeuka rangi, mikono ikatafuta debe, debe liko kabatini. Akapiga makofi. Makofi ya mzee wa miaka sabini na miwili yanafika wapi, mgeni rasmi? Tuliokuwa karibu naye tuliruka nje. Mama Mashuka alikuwa mbali.

Maji yalimzoa. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Aliona weupe tu, akadhani ndiyo kufa kwenyewe, kumbe ni shuka. Kisha lile la kiunoni likanasa kwenye kitu. Ulikuwa mlingoti wa mtambo. Akaukumbatia, akang'ang'ania mpaka tukamtupia kamba.

Kwa hiyo ni kweli, mtambo ulimwokoa. Ulifanya kazi ya kigingi, tena vizuri sana. Tungejua, tungechimbia kigingi.

Tulipofika ofisini tulimuuliza fundi wa mtambo: "Mwanangu, ungekuwa wewe umesimama majini, simu iko kwenye kopo, ungejuaje kama maji yanakuja?" Akatazama simu yake. Akasema swali limepokelewa. Likakaa kwenye kupokelewa wiki sita.

Tangu siku ile Mama Mashuka hajatia mguu majini. Anawakunjia wenzake nguo zilizokauka, na mto ukiguna anasimama. Mvua kubwa zimebakiza wiki mbili.

MAOMBI

Mgeni rasmi, jibu umelipata? Mlinzi wa barua ni huyo unayetaka kumzindulia mdogo wake. Kama umeshindwa, unajua mwenyewe: anayeshindwa hutoa mji. Mji hatuutaki, tunao, na nusu yake ni matope. Tupe debe.

Mtambo hatuukatai. Unaona mvua iliyo mbali, ambayo Mzee Debe haioni, na mvua za siku hizi hazitarudi kwenye adabu zao kwa sababu tumezililia. Basi mtambo uone, umwandikie barua Mzee Debe. Yeye hafui, simu yake haiingii koponi; siku ile hakuandikiwa kwa kuwa fomu tulipewa wafuaji tu. Apige debe, tutoke, atuhesabu, na lango lisifunguke mpaka aseme tayari. Mama Mashuka ameomba awe mwanafunzi wake, kwani mzee naye hatadumu milele. Amesema hiyo ndiyo kazi ya mtoni ambayo miguu yake bado inaikubali.

Mpaka hayo yafanyike, tunaomba utepe usikatwe. Ukiutafuta mkasi, tumeuhifadhi mahali salama kabisa. Uko kwenye kopo la biskuti.

HITIMISHO

Mungu akupe umri mrefu, mgongo usiouma na nguo zisizochuja, akukinge na maji yasiyobisha hodi, wewe na watoto wako na watakaozaliwa nao. Ni sisi watu wako, Umoja wa Wafuaji wa Mawe ya Chini.

Kabla hatujaketi, tusije tukamdhulumu mtoto wa watu: fundi alitujibu. Juzi alikuja kufuta tope kwenye bati la sola. Akakunja suruali, akaogopa simu yake kulowa, akatukabidhi. Tukaitia koponi, tukabana kifuniko. Alipofika katikati, maji ya kiuno, Mama Mashuka akamwita kutoka ukingoni.

"Mwanangu, lile swali letu. Maji yakija sasa hivi, utajuaje?"

Fundi akalitazama kopo. Akaitazama kona ya mto. Kisha akamtazama Mzee Debe, aliyeketi juu ya jiwe na mikono mitupu.

"Mama," akasema, "si mtaniita."