Ushindi wa Kurasa Thelathini na Moja

Nyeri hulima kahawa ikanywa chai, na benchi iliyo kando ya duka la fotokopi, hatua chache kutoka mahakamani, haijawahi kukaukiwa chai wala maneno. Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote, na Ouko, karani wa serikali, alikuwa na bahasha mbili magotini. Ya kwanza ni hukumu: wiki mbili nyuma, mahakama ilifuta uhamisho wake wa kwenda mpakani kwa kuwa mkubwa wake hakumsikiliza wala kumpa sababu. Ya pili ni barua ya asubuhi hiyo: uhamisho uleule, mpakani palepale, ila sasa una sababu. Huko hakuna mashine ya kusafisha damu, na mkewe, Benter, mgonjwa wa figo, husafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Ouko alikuwa amekata tamaa kabisa, akaja benchini kwa kukosa pengine pa kwenda, akawasimulia yote.

— Hebu soma hiyo sababu, akasema Wamae, aliyewahi kuwa mlinda mlango wa mahakama, ndiyo maana wanamwita Jaji.

— "Kuboresha huduma kwa mwananchi."

— Na walikusikiza?

— Waliniita Alhamisi. Nikaongea dakika tano. Mkubwa akaangalia saa, akasema, nimekusikia.

— Basi wamefuata sheria, akasema Jaji kwa unyonge. Korti haikusema usiende. Ilisema wakutume vizuri.

Kingori, aitwaye Kamati kwa kuwa hakuna kamati mjini iliyomkosa, alitikisa kichwa.

— Mimi naona hivi. Hiyo kiti yako iko na mwenyewe. Mkubwa ako na shemeji kule Kutus, anataka kumweka hapo.

— Shemeji gani na mkubwa hajaoa? akauliza Ouko.

— Ndio ujue hii siri ni kubwa.

— Rudi korti, akasema Jaji. Haba na haba hujaza kibaba. Hizi barua zikijaa, jaji mwenyewe atachoka nazo.

— Kesi ya kwanza ilichukua miezi kumi na nne, akasema Ouko.

— Basi fuata wahenga, akasema Kamati. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe usisikie, uvunjike. Ati nani atahamisha mtu ako na plasta?

Walicheka kidogo, kisha wakaona haya.

Watiri, mama mgeni aliyekuja kutoa nakala ya cheti, alikuwa akingoja stima irudi ili fotokopi iwake. Aliweka kikombe chini.

— Pole, baba. Naomba kuuliza. Hiyo hukumu yote, mama, huyo mkeo, ametajwa page gani?

Jaji akalamba kidole, akafungua. Kamati akamwegemea begani. Waliona utawala bora, uwazi, haki ya kusikilizwa, na katiba karibu kila ukurasa.

— Si atakuwa hapa mbele tu, akasema Kamati.

Ouko hakuwasaidia. Wakili alimwambia tangu siku ya kwanza kuwa ugonjwa wa mke si swali la kesi hii. Korti itaangalia uamuzi ulifanywa vipi, basi. Naye, kwa hamu ya kushinda, aliitikia. Sasa ilimuuma.

Walifika ukurasa wa mwisho, wa thelathini na moja. Jaji akazifunga karatasi taratibu, akamrudishia Ouko. Benter hakuwemo.

— Jana Benter alisimama kanisani akatoa shukrani kwa huu ushindi, akasema Ouko. Sijamwambia bado.