Waya Usio na Kazi

Mnanisumbua niwaeleze jambo ambalo wengine wenu mlikuwa papo hapo Subukia mkimeza mate. Haya. Siku mbili zilikuwa zimepita tangu Jerop, mke wa Kiptum, afe akiwasha pampu ya maji ya boma lake. Kwenye benchi la Wariara, muuza kahawa, watu walikunywa kahawa kama ya matanga. Sitati, fundi wa stima aliyefunga pampu ile, alishika kikombe chake bila kunywa.

— Hiyo ni radi, akasema Nderitu, wanayemwita Redio kwa sababu hazimwi.

— Radi gani na jua lilikuwa linawaka? akauliza Bethwel, aliyeketi kando yake.

— Ya chini, Bethwel! Hii bonde iko na moto chini. Inapanda na bomba.

— Wacha zako. Kuna mtu alitaka hiyo maji, akaenda kwa mganga.

— Ama pampu ilimkataa. Mbona Kiptum huwasha kila siku na haimfanyi kitu?

Kiptum huvaa gambuti za mpira. Jerop alienda miguu mitupu, kwenye tope. Sitati alilijua hilo. Kila upuuzi wa Redio ulimpa nafasi ya kupumua.

Ndipo akafika Milcah, dada ya Jerop, anayefanya kazi kwenye machimbo ya Kariandusi.

— Pole, mathe. Kunywa kahawa, Wariara akamwambia.

— Sitaki. Nimetoka kufungua ile sanduku ya swichi. Kebo iko na nyaya nne. Tatu zimefungwa. Ile ya kijani na manjano imekatwa. Kazi yake ni nini?

Benchi zima likamgeukia Sitati.

— Pampu inawaka bila hiyo, Sitati akasema.

— Sijauliza hivyo. Kwetu tunafunzwa siku ya kwanza: waya ingine ikichubuka iguse chuma, hiyo ndiyo inapeleka moto wa stima kwa udongo, fyuzi ikatike. Ukiikata, moto unangoja mkono.

— Nilijua, mathe. Sanduku haikuwa na mahali pa kuifunga. Ningetoboa shimo moja, niweke skrubu. Nikaona ni kujisumbua.

Kiptum alikataa ng'ombe wa fidia ambao Sitati alitaka kumlipa. Alimtaka Sitati azunguke kila boma alikoukata waya ule, aurudishe, na kabla ya kushika bisibisi aseme Jerop alikufa vipi, na kwa mkono wa nani. Maboma yalikuwa kumi na tisa. La mwisho lilikuwa la mama mzazi wa Sitati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonyesha sanduku lilipo, na hakumpa chai.