Mwalimu Paskalia na Mjomba wa Shadya

Mwalimu Paskalia Rwegasira anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 2025, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na saba. Kumi na tisa kati ya hiyo tumeifaidi sisi wa Shule ya Msingi Lukwambe, hapa barabara ya lami inapoishia na mlima unapoanza. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa mmoja tu wa ratiba. Nilipowaambia hautoshi, wakanijibu kwamba kwangu mimi Victor hata kitabu kizima hakitoshi. Haya, nitajibana.

Mwalimu alizaliwa Muleba na akaanza kazi huko huko kwao Kagera. Mwaka 2006 marehemu mumewe, askari magereza, alihamishiwa Kingolwira, naye akaletwa kwetu. Aliingia ofisini na ndoo ya senene wa kukaanga, wale panzi wanaoliwa kwao, akatukaribisha. Wengine tulijivuta, maana sisi Wanyakyusa tuna mambo yetu, lakini hadi kengele ya mapumziko inalia mimi ndiye niliyekuwa nakung'uta ndoo.

Darasa alilokabidhiwa lilikuwa Tanzania nzima kwenye madawati. Kulikuwa na watoto wa Kiluguru wanaoshuka mlimani na matope magotini, watoto wa askari kutoka kila mkoa, Wakaguru waliohamia toka Gairo, na Mmasai mmoja, Yakobo, ambaye hakuwa akisema shikamoo. Walimu tulimwona hana adabu. Mwalimu Paskalia ndiye aliyegundua kwamba Yakobo kila asubuhi alikuwa akimwinamishia kichwa na kusubiri kuguswa utosini, kama mtoto wa Kimasai anavyomwamkia mkubwa wake. Akamgusa. Kesho yake darasa zima, Waislamu kwa Wakristo, likataka kuguswa, na foleni ikafika mpaka mlango wa Mwalimu Mkuu. Foleni hiyo ipo hadi leo, na imetuchelewesha vipindi vingi sana, lakini sijaona mtoto akiingia darasa lile amenuna.

Msidhani alikuja anajua kila kitu. Muhula wake wa kwanza aliwauliza wanafunzi kwenye jaribio: nani mwenye kauli ya mwisho katika familia yenu? Nusu ya darasa wakaandika mjomba. Akawawekea wote kosa kwa wino mwekundu, akidhani wameangaliziana. Sisi wenzake tukamuunga mkono kabisa. Ofisi nzima hapakuwa na Mluguru hata mmoja, na kila mmoja wetu ametoka kwenye kabila ambalo baba akikohoa nyumba inatulia.

Hilo kosa lilitugharimu mwaka 2008. Shadya Hatibu, msichana aliyekuwa akiongoza darasa la saba, hakurudi baada ya likizo ya Juni. Alikuwa amevunja ungo, na kwa mila za kwao akawekwa ndani, awe mwali mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Mtihani wa taifa ulikuwa Septemba. Akiukosa, shule ndiyo imekwisha, na mtoto mwenyewe alikuwa na kichwa cha kufika mbali. Tukamwita baba yake, Mzee Hatibu. Akaja, akakubali kila tulichosema, akashukuru, akaenda zake. Shadya kimya. Tukamwita tena, akakubali tena, kimya tena. Mwalimu Mkuu wa wakati ule akaanza kutaja mgambo.

Alipoitwa kwa mara nyingine, Mzee Hatibu alikaa kitini akashusha pumzi. Akasema, walimu wangu, mnanichosha bure, mimi pale ni baba tu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli ni mjomba wake, Hamza, anayekaa huko juu. Tena, akasema, huko juu watu wanashangaa ni walimu gani hawa wanaomsumbua mtu asiyehusika na kumwacha mhusika amekaa.

Mimi nilitamani kujificha chini ya meza. Mwalimu Paskalia alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akaenda moja kwa moja kwa wale wanafunzi aliowawekea kosa, akawaomba radhi mbele ya shule. Mwalimu wa namna hiyo mnampata wapi?

Jumamosi tukapanda mlima, yeye, mimi na kilo mbili za sukari. Bwana Hamza alitupokea vizuri, akatuletea fyulisi. Mwalimu hakutaja mtihani wala mgambo. Aliulizia mashamba, akaulizia wagonjwa, mpaka mwenyeji mwenyewe akauliza tumefuata nini. Hapo ndipo Mwalimu akaomba kujua ni akina nani wanaomfundisha mwali ndani. Akaambiwa ni makungwi, bibi na shangazi zake. Basi, akasema, na mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kufundisha, naomba mnipe zamu yangu miongoni mwao.

Bwana Hamza hakuwa mkaidi hata kidogo, ila alikuwa na la kuhofia. Mwali akionekana njiani kabla ya siku yake, aibu ni ya ukoo mzima, na yeye ndiye atakayeulizwa. Akaingia ndani kushauriana na dada yake na mama yake. Alirudi na masharti: Mwalimu aje na kanga mbili, avue viatu, asimlete mwanamume ndani, na kabla ya kufundisha chochote akae kwanza mkekani afundishwe yeye. Akakubali yote.

Akawa anapanda kila Jumamosi. Mimi mbeba vitabu nilibaki barazani nikimenya fyulisi. Walichomfundisha makungwi sikijui, na nimemuuliza miaka yote hii hajanipa hata neno moja. Nadhani ndiyo maana walimwamini. Siku ya mtihani Shadya aliteremka alfajiri, amefunikwa kanga gubigubi, bibi mbele na shangazi huku na huku. Akafanya mtihani wake, akarudishwa vilevile. Alifaulu. Akatolewa kwa ngoma, na aliyecheza kuliko wote ni mjomba. Leo Shadya ni mwalimu wa hisabati Gairo.

Tangu hapo shule hii haiiti mzazi kabla ya kuuliza nani mwenye kauli kwao. Tumejifunza kwake, na tunamshukuru bila kumung'unya maneno: kuna wasichana kadhaa mtaani hapa wenye vyeti vyao kwa sababu Mwalimu Paskalia alikubali kuvua viatu.

Sasa kuhusu ratiba. Kwenye kipengele cha neno la familia tuliacha wazi, kwa kuwa ndugu wa Mwalimu wako Muleba na safari ni ndefu. Wiki iliyopita Shadya alifika shuleni na ujumbe kutoka kwa mjomba wake. Haukuwa ujumbe wa pongezi, yalikuwa malalamiko. Mzee Hamza anauliza: mwanamke aliyekaa mkekani kwao ni mtoto wao, sasa nyinyi walimu mmepanga kumuaga mpwa wake kwa ruhusa ya nani?

Tumekosea tena, jamani. Mwalimu Mkuu alipanda mlima mwenyewe kuomba radhi, akarudi amechafuka matope na anatabasamu. Kwa hiyo, Mwalimu wetu mpendwa, usishangae leo ukimwona mzee ameshuka na bakora yake na kukaa kiti cha mbele. Uzeeni kwako uwe na afya, wageni wengi na uji usioungua. Asante kwa watoto wetu wote. Tunakuaga kwa moyo mweupe, maana mjomba wako ameridhia.