Kiti cha Nyuma Ndani ya Afueni: Kumuaga Fundi Silima Ngwali

Tarehe 30 Juni 2019, Fundi Silima Ngwali Matano anatimiza miaka thelathini na minane ya utumishi na anastaafu kwa mujibu wa sheria. Aliajiriwa mwaka 1981, kijana kutoka Mtambile, akiwa fundi msaidizi katika karakana yetu ya vyombo vya baharini hapa Mkoani. Anaondoka akiwa fundi mkuu. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika haya ni Mwanakhamis Soud wa ghala. Nimepewa kwa sababu moja tu: hakuna mtumishi aliyegombana naye kunishinda mimi, kwa hiyo namjua.

Ugomvi wetu ulikuwa wa misumari. Mzee Silima alikuwa na desturi ya kuchukua kwanza na kuomba baadaye, tena akiomba kwa upole hata nikajiona mimi ndiye mkosa. Vitu vya watu vilikuwa vyake, na vyake vilikuwa vya watu, isipokuwa patasi ya kukalafatia. Baiskeli yake aliwaazima watu. Sufuria ya mkewe aliwahi kumwazima jirani bila ya kumuuliza mwenyewe. Patasi hakuna aliyeigusa.

Alipopelekwa Unguja kwa mafunzo, wenyeji walikicheka Kipemba chake. Wengi wetu katika hali hiyo hujifanya tumesahau kwetu. Yeye alizidisha sauti, na mafunzo yalipomalizika wao ndio waliokuwa wakimwamkia kwa lafudhi ya Mtambile, vibaya sana kwa maelezo yake. Boti za faiba zilipoingia aliziita mabeseni. Alizitengeneza kwa uaminifu vilevile, huku akinung'unika.

Mafundi wote wa mbao tulionao leo wamepita mikononi mwake, na wote wanalijua somo lake la kwanza. Chombo cha mbao hukalafatiwa, yaani nyufa zilizo baina ya ubao na ubao hujazwa pamba iliyotiwa sifa, mafuta ya ini la papa. Chombo kikiwa kimekaa sana juani, pamba hulazwa tu, haishindiliwi, kwa kuwa mbao zitavimba zikirudi majini na zitataka nafasi. "Ubao una kiu, uacheni unywe," ndivyo alivyosema, na aliyeinua nyundo juu zaidi ya bega lake alikula maneno siku nzima.

Klabu yetu ya wafanyakazi ilikuwa ya keram na mpira. Mwaka 2016, mwenyekiti Othman Kificho alipoitisha kikao cha jezi mpya, Mzee Silima alisimama akasema jezi za zamani bado zinafungwa mabao vizuri tu, na kwamba yeye anaomba tuifufue Afueni. Watu walicheka. Afueni ilikuwa boti ya mbao yenye injini, iliyoundwa miaka michache baada ya Mapinduzi kwa kuleta wagonjwa na wazazi waliokaribia kujifungua kutoka visiwa vidogo hadi hospitali. Iliwekwa kando mwaka 1997 na tangu hapo ililala kwenye tope pembeni ya mikoko, kaa wakiingia na kutoka humo kama kwao.

Kicheko kilikatika alipotaja sababu. Mkewe, Bi Mwanawema Msellem, mzaliwa wa Makoongwe, alikuwa mkunga wa boti ile tangu usichana wake. Safari zote hizo alizifanya akiwa amechuchumaa sakafuni kando ya mgonjwa, maana boti haikuwa na kiti cha mkunga. Wengi wetu watoto wetu walivushwa naye, na kuna waliozaliwa kabla ya kufika gati. Sasa mgongo wake ulikuwa umekwisha, na moyo nao ulikuwa umeanza kumsumbua. Aliwahi kumwambia mumewe kwa mzaha, "Mie boti hino n'meijua sakafu tu. Iko siku n'kae kama abiria." Mzee Silima hakuuchukua kama mzaha.

Basi kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tulikuwa mikokoni. Tuliivuta kwa magogo hadi uwanja wa karakana, tukang'oa mbao zilizooza, tukaweka mpya za mvule, na mataruma ya mfenesi, yaani zile mbavu za ndani zinazoshika umbo. Wanawake tulisokota pamba na kuichovya kwenye sifa. Harufu ya sifa haiondoki kwa sabuni wala kwa udi, na mume wangu aliniuliza mara nyingi kama nimeolewa na yeye au na papa. Bi Mwanawema alikuja na birika la chai na mkate wa ajemi, akaketi kivulini akitukosoa. Mzee Silima alitengeneza kiti nyuma, karibu na usukani, chenye egemeo lililolala kidogo. Alimwita mkewe akakijaribu boti ikiwa bado juu ya magogo. Bi Mwanawema alikaa, akasema egemeo liko juu mno. Mzee akalishusha. Mkewe akasema sasa liko chini mno, na hapo tukajua anamchezea mumewe tu.

Mwanzoni mwa 2018 daktari wa mkewe alimwambia Mzee Silima maneno ambayo hakutueleza. Tuliona tu haraka yake. Ilikuwa kaskazi, jua linachoma, na boti ilikuwa imekauka kwa miezi. Alikalafati mwenyewe ubavu mzima wa kulia, na nyundo ilipanda juu ya bega. Nassor Duni, mwanafunzi wake aliyemzoea kuliko wote, alimkumbusha kwa adabu somo la kwanza. Alijibiwa aende akalete pamba nyingine. Mzee alitaka boti isiyovuja hata tone siku ya kwanza, ili Bi Mwanawema asingoje.

Tuliishua majini mwezi wa Machi kwa dua na pilau, ikaachwa imefungwa ufukweni ili mbao zinywe. Hazikupata pa kuvimbia. Siku chache baadaye tulikuta mbao mbili za ubavu wa kulia zimefumuka, misumari imeng'oka na taruma moja limepasuka. Aliipitisha mikono pale palipofumuka, akasema, "Kosa langu. Wengine msijitie," akaomba tusaidiane kuirudisha juu. Hakuna aliyemlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Bi Mwanawema alifariki mwezi wa Mei, katikati ya Ramadhani. Aliusia azikwe kwao Makoongwe karibu na mama yake. Afueni ilikuwa juu ya magogo, ubavu wazi, kwa hiyo jeneza lilivushwa kwa boti ya faiba ya kukodi. Ili kutoka gatini lazima upite mbele ya karakana. Tulipita. Sote tulitazama upande wa bahari, ila yeye. Alisimama wima ameshika jeneza kwa mkono mmoja, akaitazama Afueni hadi ilipofichwa na mikoko. Nimeshuhudia misiba mingi, na wangu mwenyewe umo. Sijaona uso uliokuwa mzito kama ule.

Alirudi kazini baada ya matanga, na Jumamosi iliyofuata alikuwepo uwanjani kabla yetu. Alichomoa pamba yote, hata ya ubavu wa kushoto ambao haukuwa na kasoro, akaanza upya. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hatukulitarajia: alimkabidhi Nassor patasi, yeye akachukua kazi ya kumsogezea pamba. Ubavu wa kulia ulikalafatiwa na Nassor kuanzia mwanzo hadi mwisho. Othman aliuliza kama kile kiti cha nyuma kiondolewe, kisije kikawa kinamkera. Alijibu, "Kiti wacheni papo. Wagonjwa wengine wapo."

Novemba ile tuliishua tena. Safari hii ilijaa maji hadi magotini, na kuna waliokata tamaa, lakini yeye alikaa ufukweni akinywa chai. Mbao zilivimba taratibu, zikakutana. Tulipoyachota maji hayakurudi.

Tangu hapo Afueni huvuka Makoongwe kila Jumamosi bila ya nauli, ikichukua wazee na wanaokwenda kliniki. Kiti cha nyuma hukaliwa na aliye mnyonge kuliko wote. Kinapokosa mtu hubaki wazi. Mzee Silima huwa kando yake, kwenye usukani, amesimama. Tumemwambia akae, tumemtania, Othman amefikia kumwamrisha kwa cheo cha uenyekiti. Hakai. Mimi najua sababu, nanyi mnaijua, na hatumlazimishi tena.

Fundi Silima, watoto wako wanakutaka Mtambile, nawe umechagua kwenda kuishi Makoongwe, katika nyumba ya Bi Mwanawema, karibu na alipolala. Ghala litakuwa na misumari yake yote sasa, na nitaichukia hesabu hiyo iliyotimia. Tunakushukuru kwa mbao, kwa mafundi uliotuachia, na kwa kutuonesha kwamba anayejua sana naye hukosea pale anapopenda sana.

Leo shughuli ikimalizika, Afueni ndiyo itakayokuvusha. Nassor atashika usukani. Mizigo yako tutaipanga mbele, na nyuma hatutaweka chochote. Egemeo liko pale pale alipolipenda Bi Mwanawema mwenyewe. Maisha yako yote umesimama, mzee wetu, na leo wewe ndiye abiria. Kaa. Mwenyezi Mungu akuvushe salama, na siku zako zilizobaki zikae nawe kwa wema.